Honi ya Mzee Filoteo

Mkija nyumbani kwangu hapa Mlandege, Iringa, mnanikuta barazani, miwani puani, nachambua mchele, halafu mnanong'onezana: "Kumbe Mama Waya ndiye huyu?" Ndiye huyu. Mlitegemea mwanamke mwenye spana kwenye kilemba? Nimestaafu, wanangu. Mikono inatetemeka, na fyuzi za magari yenu zimekuwa ndogo kiasi kwamba naweza kuzichanganya na huu mchele nikawapikia. Lakini bado mnanifuata na maswali, na nikiwajibu kwa mdomo mnachungulia simu. Nimeona niandike. Nitaandika kama ninavyopiga soga, ya mwisho yanaweza kuja katikati, mnivumilie.

Niliingia kwenye umeme wa magari kwa sababu ya mikono midogo. Mjomba wangu Shomari, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na gereji nyuma ya msikiti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Siku moja nilimkuta amelala chali chini ya dashibodi ya gari, mkono umekwama hadi kwenye kiwiko, anatukana kwa heshima kama walivyo wazee wa kwetu. Akaniona. "We Zuhura, weka hilo bakuli. Hebu pitisha mkono huku, ukamate huo waya kabla sijapata dhambi zaidi." Nikapitisha, nikaukamata. Tangu hapo bakuli la chakula likawa kisingizio tu. Mama yangu alilalamika mpaka akachoka, ati binti ananuka grisi, nani atamwoa? Aliyenioa alikuwa dereva wa lori kutoka Mbalizi, na siku anakuja kuniposa alinikuta nimelala chini ya lori lake mwenyewe.

Mjomba alikuwa na vitu viwili asivyokubali kukosa, kahawa ya tangawizi na usafi. Gari likiletwa limezima kabisa, sisi tuliokuwa tunajifunza kwake tulikimbilia kufungua stata, kufungua dainamo, kila mtu anataka kuonekana fundi. Yeye anatugonga vidole kwa mpini wa bisibisi. "Safisha kwanza! Utamtibu vipi mgonjwa hujamnawisha?" Na kweli, magonjwa mengi ya umeme wa gari kuukuu ni uchafu tu. Vichwa vya betri vinaota ukoga mweupe na wa kijani, umeme unashindwa kupita, mwenye gari anauziwa betri mpya bure. Chukua magadi, haya haya ya kuivishia maharage, koroga kwenye maji ya moto, mwagia. Utaona yanachemka na kutoa povu. Suuza, kausha, piga msasa mpaka vichwa ving'ae, funga, kisha paka grisi. Nimefufua magari mengi kwa magadi ya jikoni, na watu wakadhani nina dawa ya kwetu.

Halafu kuna athi. Hilo ni neno letu la gereji kwa ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari ili umeme uende na kurudi. Umeme usipopata njia ya kurudi, hauendi. Taa inafifia, indiketa inapepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni, honi inatoa sauti ya mgonjwa. Watu wanabadilisha balbu, wanabadilisha swichi, kumbe ni boliti moja yenye kutu. Mkikutana na gari la zamani lenye mambo ya ajabu ajabu, tafuteni athi kwanza, mtanishukuru.

Kilichonichekesha kwa Mjomba ni maswali yake. Mteja akileta gari, hagusi boneti. Anamkalisha kwenye pipa tupu la oili, anampa kahawa, anamwuliza, "Linaumwa nini?" Mteja anaeleza. Mjomba anatikisa kichwa, anamwacha apige funda la pili, kisha anauliza, "Na nini kwenye gari hili hutaki kiguswe?"

Watu walibaki wanamwangalia. Nani anakuja gereji kueleza kisichoumwa? Lakini akisubiri kidogo, majibu yanakuja. Mwalimu mmoja wa Kihesa alisema taa ya ndani ya gari lake inawaka yenyewe likipita kwenye shimo, na iachwe hivyo hivyo, maana wanawe wakiona inawaka wanapiga makofi. Mwingine alisema mlango wa kushoto unalia, usipakwe mafuta, ndivyo anavyojua kijana wake ameliiba gari kwenda disko. Mjomba anasikiliza kwa makini kama hakimu. Sisi tunaminya vicheko. Sikumwuliza hata siku moja kwa nini anauliza vile. Nilidhani ni mzee anayependa soga, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

Nilipoolewa nikahamia Mbalizi, nikafungua sehemu yangu kandokando ya barabara kuu, bati nne na mlingoti wa mbao. Mbalizi si Iringa. Malori yanapita kwenda Tunduma, watu wana haraka, viazi vinaoza, na fundi mwanamke ni sinema ya bure. Swali la pili la Mjomba nilijaribu kulitumia mwanzoni. Nilimwuliza tajiri mmoja wa viazi, "Na nini hutaki niguse, baba?" Akanitazama, akamtazama mkewe aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, akasema kwa sauti ya kujitetea, "Mama, mimi nimeleta gari tu." Mke wake hakucheka. Tangu siku hiyo nikaliacha lile swali. Nikabaki na lile la kwanza, na mikono yangu.

Msidhani sikuharibu vitu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni, Mzee Abdulrahmani, mwenye kigari cha Kiingereza cha zamani sana. Alikipenda kuliko alivyowapenda wakwe zake, na ndani alikuwa amefunga redio. Akaniletea betri imekufa. Nikaweka mpya kama nilivyozoea, chanya kwenye waya, hasi kwenye bodi, nikawasha. Moshi! Kumbe baadhi ya magari ya zamani yale yalifungwa kinyume, chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi. Gari lenyewe halikudhurika sana, ila redio, iliyokuwa ikitumia betri zake ndogo huku imeungwa kwenye waya wa gari, ilikuwa inatangaza mpira, na mtangazaji alikatika katikati ya neno "goo". Mzee Abdulrahmani alisimama pale na kofia mkononi. "Limeingia au halijaingia?" Hakujali redio, alitaka kujua bao. Ilibidi nikimbie barabara nzima kuuliza. Lilikuwa halijaingia. Akanisamehe kwa sababu ni timu yake iliyokuwa inashambuliwa.

Na enzi zile za shida, dukani hakuna kitu, utepe wa kufungia waya tulikata kwenye tyubu za baiskeli. Waya ukipatikana ni wa rangi moja tu. Utajuaje upi wa taa na upi wa honi? Mjomba alitufundisha kupiga mafundo kwenye ncha: fundo moja taa, mafundo mawili indiketa, matatu honi. Mpaka leo ukifungua gari kuukuu lililopita Mlandege miaka ile utakuta mafundo. Nayasoma kwa vidole kama mtu anavyosoma mwandiko wa ndugu yake. Nilirudi Iringa baada ya mume wangu kufariki, nikachukua gereji ya Mjomba naye akiwa ameshatangulia, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikutana naye hivyo, ndani ya mabodi ya magari ya watu.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike.

Lilikuwa gari langu karibu la mwisho. Nilikuwa tayari nasema nimestaafu, nasema tu, kila mara nikijikuta gereji. Akaja mwanamume wa makamo, mtanashati, kutoka Mbeya anakofanya kazi. Nyuma yake lori limebeba Landrova kuukuu, ile ya pua fupi, rangi imekuwa ya vumbi lenyewe.

"Shikamoo mama. Naitwa Gaudensi. Hili ni la marehemu baba, Mzee Filoteo wa Idodi. Limelala bandani miaka tangu afariki."

"Marahaba, mwanangu. Linaumwa nini?"

Akacheka. "Mama, tuseme lina nini kizima?" Halafu akaacha kucheka. "Fundi injini nimeshamwona, yeye atamaliza sehemu yake. Mimi nimeambiwa umeme nije kwako. Mama yangu macho yamekwisha. Presha ya macho, hospitali wamesema hayarudi. Picha za baba haoni tena. Sauti yake hatukuwahi kuirekodi, nani alikuwa na simu zama zile. Nikamwuliza, mama, nikufanyie nini? Akasema anataka tu asikie honi ya baba yenu pale konani, basi. Baba alikuwa anabeba abiria na chumvi kutoka mjini, akifika kona ya mto kabla ya kijiji anapiga honi, mama anajua anakuja, anabandika maji ya ugali."

Niliguswa, sitaki kuficha. Mimi mwenyewe ni mjane wa dereva. Najua sikio linavyofanya kazi ya kungoja gari. Nikamwambia, "Mwanangu, honi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mama atasikia."

Ndani ya gari kulikuwa na kazi ya kunifanya nisahau miguu inayouma. Kwenye lile banda walihifadhi mahindi, na panya baada ya kushiba mahindi walitafuna nyaya. Nilivuta waya mmoja mmoja, nikausafisha kwa petroli na kitambaa, nikaupima kwa balbu yangu ya majaribio, ulioliwa nikauunga au kuubadilisha. Chini ya dashibodi nikakutana na mafundo. Matatu, yamekazwa kwa ule mkono wake wa kulia kwenda kushoto. Waya wa honi. Mjomba alikuwa ameshalishika gari hili! Nilikaa pale chini nikicheka peke yangu kama mwehu. Angalau yeye alishamwuliza Filoteo maswali yake, nikawaza, na nikaendelea na kazi.

Honi ilikuwa imefungwa mbele, kijibakuli cha chuma kilichojaa udongo wa nyigu. Gaudensi alikuwa amekuja siku hiyo kuangalia maendeleo. Nikamwambia, ngoja tusikie kama iko hai. Nikatoa udongo, nikaileta betri, nikagusisha.

Sauti iliyotoka, wanangu, sijui niandikeje. Ilianza kwa kukohoa, kikohozi kikavu. Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Kisha ikatoa mlio mwembamba uliopanda, ukapasuka katikati, ukaishia puani kama mbuzi aliyekumbushwa jambo. Tulicheka mpaka Gaudensi akashika ukuta. Nikasema, "Honi hii ina mafua ya miaka yote!" Yeye akasema, "Mama, mimi nakumbuka ilikuwa kubwa, inasikika kijiji kizima." Alipelekwa kusoma kwa baba yake mdogo Mbeya akiwa mdogo sana, na utotoni honi yoyote ni kubwa. Nikamwambia usijali, nitairudishia ukubwa wake.

Na nikairudishia. Nikaifungua. Ndani ya honi za zamani kuna kibati chembamba kinachotetemeka, ndicho kinachotoa sauti. Hiki kilikuwa na ufa kutoka katikati hadi ukingoni, ufa wa zamani, kingo zake zimeshalainika. Nikakitoa, nikaweka kingine kizima kutoka kwenye honi nyingine niliyokuwa nayo. Nikapiga msasa pointi zinazogusisha umeme, nikabadilisha boliti ya athi iliyokuwa kutu tupu, nikapitisha waya mpya, nikarekebisha skrubu ya nyuma taratibu mpaka sauti ikasimama sawasawa. Ukiigusa, Mlandege yote inageuka. Kile kibati chenye ufa nilikitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Gaudensi akatoa simu akarekodi, sasa ndipo akarekodi, honi inang'aa, mimi nimesimama pembeni nimeweka mkono kiunoni kama bibi harusi.

Sikuwahi kufanya kazi safi kuliko ile. Nawaambieni hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Tulienda Idodi siku ya Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Gaudensi anaendesha, mimi pembeni yake na kanga yangu mpya, taa zote zinawaka mchana kweupe kwa majivuno tu. Njia ile mnaijua, ndiyo ya kwenda mbugani, magari ya watalii yanatupita na kutuachia vumbi. Tulipofika kona ya mto Gaudensi akanitazama. Nikampa ishara. Akabonyeza.

Ilitoka safi, nene, imenyooka. Akarudia. Watoto wakakimbia kutoka kila upande, wanawake wakapiga vigelegele, maana habari ilishasambaa. Tukaingia uani.

Bibi Sekunda, mama yake Gaudensi, alikuwa amekalishwa kwenye kiti nje ya jiko, amevaa gauni la sikukuu, uso ameuelekeza barabarani. Kando yake sufuria ya maji, bado haijabandikwa. Alikuwa anangoja asikie kwanza. Sisi tulikuwa tumeshasimama, tumezima injini, na yeye bado uso uko kule kule konani. Akamwambia mjukuu aliyekuwa karibu, "Watoeni watoto njiani, kuna gari la wageni linapita, wanaenda mbugani."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja.

Gaudensi akapiga magoti mbele yake, akamwamkia kwa Kihehe. "Mama, kamwene. Ni sisi. Ni gari la baba hilo."

"Hilo lililopiga honi?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akanyoosha mikono, wakamwinua, wakampeleka mpaka kwenye gari. Akapapasa boneti, akapapasa taa, mkono ukafika kwenye bonyeo dogo kwenye bawa la kushoto, juu ya gurudumu. "Hapa aligonga mwembe wa Paroko," akasema. Akatabasamu. Gari alilitambua kwa mkono. Akaniuliza fundi ni nani, nikasogea, akanishika viganja, akavisikia vilivyo vigumu. "Asante sana, mwanangu. Umefanya vizuri sana. Honi nzuri."

Angenitukana ningepona. Alikuwa ananifariji, wanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nafarijiwa.

Halafu akauliza polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua, "Na ile iliyokuwa inakohoa, mmeitupa?"

Nikaomba bisibisi. Nikafungua honi pale pale uani, kanga yangu mpya imejaa vumbi, watu wamenizunguka. Nikalegeza athi mpaka ikashikilia kidogo tu. Nikapitisha umeme kwenye balbu kwanza ili uifikie honi ukiwa mnyonge. Nikaikorofisha skrubu niliyokuwa nimeirekebisha kwa mapenzi yote. Nikapaka tope. Kila mara nikabonyeza, na kila mara Bibi Sekunda aliinamisha kichwa kusikiliza, kwa adabu, anatamani nifaulu. "Karibu karibu," akasema mara moja. Kisha, "Hapana. Hiyo inalia. Ya Filoteo ilikuwa hailii."

Akanieleza, na wazee wengine wakaongezea. Kijiji kizima kiliiita beberu wa Filoteo. Bibi Sekunda mwenyewe alimwambia mumewe maisha yote aitengeneze, ni aibu, na mumewe akajibu atatengeneza wiki ijayo. "Kila siku wiki ijayo! Kuna siku aliniambia kuna fundi mjini, Mwislamu mmoja mcheshi, alimpa kahawa akamwuliza kitu gani kisiguswe. Ati akamwambia honi, maana mke wangu ndiyo anayoijua. Nikamwona mwongo, anakwepa gharama."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Sasa mnaelewa kwa nini waya wa honi ulikuwa na mafundo matatu ya Mjomba na honi yenyewe haikuwa imeguswa. Mjomba alibadilisha waya, akaikaribia ile honi ya kuchekesha, naye fundi wa usafi kuliko sisi sote, akarudisha mkono wake. Na mimi nilisoma mafundo yake nikadhani ninajua mwandiko.

Niliporudi Mlandege nilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya chakavu. Ilikuwa tupu. Wale wa mikokoteni wanaonunua chakavu walishapita. Nikawafuata mpaka kule wanakopimia, nikapekua lundo, mama mtu mzima na kanga yake, mpaka mwenye lundo akanihurumia akaja kunisaidia. "Unatafuta kitu cha dhahabu, mama?" Nikamwambia kibati, chembamba, kina ufa. Akanionyesha kwa mkono mlima mzima wa vibati. Vyote vina ufa.

Nilijaribu pia kutengeneza ufa kwenye vibati vizima. Niliharibu honi nyingi. Ufa wa makusudi una sauti yake, na si ile.

Baada ya muda nilipanda basi nikaenda Idodi peke yangu, sina gari, sina kifaa. Nilitaka tu kumwambia. Nilimkuta kwenye kile kile kiti. Nikakaa chini kwenye jamvi, nikamwambia kibati kimepotea, nimekitafuta, sikukipata, na kwamba inaniuma, na kwamba kosa ni kuwa sikuuliza.

"Usijisumbue, mwanangu. Hata Filoteo alipotea, sembuse kibati." Kisha uso wake ukanigeukia. "Lakini wewe uliifungua. Kabla hujaitengeneza, uliijaribu?"

"Niliijaribu, mama. Mara moja."

"Kwa hiyo uliisikia."

"Niliisikia."

"Ilisemaje?"

Nikaangalia huku na huku. Mjukuu wake alikuwa anatwanga, jirani anaanika mahindi. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, watu wananiita mama. Nikakohoa kikavu. Nikanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Kisha nikatoa ule mlio, mwembamba, nikaupandisha, nikaupasua katikati, nikaumalizia puani. Jirani aliacha mahindi yake. Kinu kikanyamaza.

Bibi Sekunda aliinua mkono mmoja hewani, ukabaki pale pale. Aligeuza uso taratibu, ukaniacha, ukaelekea konani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Ndiyo maana nikiona mnashika msasa kabla hamjauliza, napaza sauti mpaka mnaniona mkorofi. Nami bado naenda Idodi miguu ikiniruhusu, na kila nikifika naifanya, safari nyingine kifua kinakubali, safari nyingine kinakataa na inakuwa mbuzi tu. Nasahau, wanangu. Niliisikia mara moja, na nilikuwa nacheka. Kila mwaka inapungua kitu fulani nisichoweza kukikamata, na yeye anajua, na hasemi. Anageukia kona, anamwambia mjukuu wake abandike maji, halafu anasema, "Karibu, baba Gaudensi. Umechelewa leo."